Duara la Penseli

Ilifika Jumanne, bahasha ya kawaida tu,
stempu ya Kanada, kona moja imelowa mvua ya Dundee.
Ndani, kipande cha karatasi ya kuchujia
na juu yake duara lililochorwa kwa penseli.
"Iko hapo," akasema Eilidh. "Usiguse katikati."

Nikaiinua kwenye mwanga kama mtu anayekagua noti bandia.
Weupe. Weupe na duara.
Kumbe nayo yenyewe ni duara: plasmidi,
pete ya DNA isiyo na mwanzo wala mshono,
herufi elfu kumi na ushee,
baadhi zake za kirusi cha panya kilichong'olewa meno,
na tumboni mwake jeni moja ya binadamu,
barua ndani ya barua.

Nikakata kwa mkasi. Nikalowesha kwa tone la maji.
Nikawapa bakteria, nikawachoma joto sekunde arobaini na tano,
wakaimeza.
Asubuhi sahani ilikuwa na vipele thelathini na saba.
Nilivihesabu mara mbili; nalipwa kuhesabu.

Jeni hii kazi yake ni kulegeza.
Ndani ya kila seli mna mita mbili za uzi
uliozungushwa kwenye vibiringo visivyoonekana,
ukakazwa, ukakunjwa tena, maana nafasi hakuna.
Neno lililo ndani ya mkunjo halisomeki.
Inakuja protini yake, inatumia nguvu kidogo,
inasukuma kibiringo pembeni,
na ukurasa unapumua.

Mji huu ulisokota juti miaka mia na zaidi.
Napita kila siku chini ya bomba la kiwanda kilichokufa.
Labda magunia ya kahawa ya babu yalitoka hapa. Labda.

Shangazi Kokushubira alikuwa na cherehani Bukoba, karibu na soko.
Bobini alizihifadhi kwenye kopo la maziwa.
Uzi ukikwama, hakuvuta.
"Ukivuta unakaza," alisema, pini mdomoni.
"Legeza kwanza, ndipo uuulize umekwama wapi."
Mwaka themanini na saba alipungua hadi pete ikamtoka kidoleni.
Hatukusema. Tulisema homa. Tulisema karogwa.
Tulisema Juliana,
jina la kitambaa cha magendo kutoka ng'ambo ya mpaka,
kitambaa ambacho yeye mwenyewe alikishonea wateja.

Na mimi leo nashika, kwa glovu mbili,
binamu wa mbali wa kile kilichomla.
Fomu nimejaza. Kioo cha kabati nimeshusha.
"Uko sawa?" anauliza Eilidh.
Namwambia kuna chupa imebandikwa lebo vibaya.

Kirusi hiki kinaingia mara moja tu.
Kuzaa hakiwezi; tulikinyima.
Kinapiga hodi, kinaiandika jeni katika daftari la seli,
basi.
Tarishi asiye na safari ya kurudi.

Seli zenyewe ni za mwanamke aliyefariki zamani, jina sijui.
Ziliipoteza jeni hii, zikasahau namna ya kuacha.
Zinagawanyika, zinagawanyika, zinapandana mabegani.
Tukamimina puromaisini:
zilizokosa barua zikaelea, zikafa.
Siku ya sita, saa tisa na nusu alasiri,
giza limeshashuka juu ya Mto Tay,
nikaweka jicho kwenye hadubini.

Zimetandaa.
Kubwa, kimya, kila moja mahali pake,
kama vitambaa vilivyotoka kupigwa pasi.

Hii si dawa. Eilidh humwambia hivyo kila mgeni,
na mimi pia nasema.
Ni sahani moja, na kesho itabidi turudie mara tatu.
Nikaandika tarehe, nambari ya chupa, kipimo cha kirusi.
Penye nafasi ya maelezo nikaandika: zimelegea.
Nikafuta.
Nikaandika: bapa.